Swali la Nyumba ya Wazee

Keki ilishachorwa nembo ya chuo ambako benki kubwa za New York huenda kuchuma vijana kama nyanya. Chuo cha hapa New Jersey kingemsomesha mjukuu wangu Renzo bure, lakini benki hazipiti huko. Kilichobaki ni mimi kukubali kuuza nyumba yangu, karo ipatikane.

"Msikie kwanza, Mama," binti yangu alisema. "Mshauri amemnoa!"

Mshauri wa kukodi, mwenye meno meupe kuliko sahani zangu za harusi, akamtupia Renzo swali la majaribio, kama yale ya kuombea kazi. "Nyumba ya wazee inapata hasara. Utafanya nini?"

Renzo alilamba krimu kidoleni. "Napunguza wauguzi wa usiku. Chakula kinakuwa cha makopo. Wakongwe nawapandishia ada, maana hawana pa kwenda."

Wageni wakapiga makofi. Binti yangu alifuta machozi ya furaha.

Keki ikanigeukia sabuni mdomoni. Niliitema kwenye leso, mbele ya wageni wote.

"Hao wakongwe, mjukuu wangu, waliuza nyumba zao?"

"Bila shaka, Bibi. Ndiyo maana hawana pa kwenda."

Safari hii mshauri alipiga makofi peke yake.