Atashuka Baada ya Mwezi

Siku hizi mkataba hausomwi, unasikilizwa. Ndiyo maana Tunu, alipoulizwa na kampuni ya safari za anga kama anaridhia mumewe Sefu, fundi wa kuchomelea, apande chombo cha anga, hakuona herufi hata moja. Alisikia tu ile sauti ikisema, "Atashuka baada ya mwezi." Mwezi mmoja si kitu, akaitikia ndiyo.

Leo ni siku ya arobaini, na kampuni imemletea picha ya Mwezi kwenye fremu, iliyopigwa chombo kilipokuwa kikipita.

"Wifi, siku kumi nampikia kaka yako maharage ya nazi, nayala mwenyewe," Tunu alisema akiitundika juu ya kabati la vyombo. "Magauni yananibana."

"Nenepa tu," alicheka Chausiku, dada yake Sefu. "Akirudi atadhani ana wake wawili."

Kisha Chausiku akaisogelea picha, kicheko kikamkatika. "Tunu, huu si mkia wa chombo? Mbona Mwezi uko nyuma yake? Hawa wameshaupita."

Tunu akaiwasha tena sauti ya mkataba. "Atashuka baada ya mwezi." Sasa aliisikia kama abiria anayemwambia dereva, nishushe baada ya sheli.

"Kwani wifi, baada ya Mwezi kuna kituo gani?"

Chausiku akainyoosha fremu, na wala haikuwa imepinda.