Fremu ya Filomena

Jeneza lilikuwa limeshafungwa, na fremu ya picha ya kubebwa mbele yake ilikuwa bado tupu. Picha zote za Filomena zilikuwa kwenye kompyuta yake ndogo, ambayo kioo chake kilipasuka katika ajali ileile iliyomuua. Shemeji yake, Desderi, alikuwa ameazima skrini kubwa kutoka ofisi ya parokia, ili wachague picha moja ya kuchapisha. Akaiunganisha na kompyuta kwa waya wa chaji ya simu ya marehemu, maana uliingia vizuri pande zote mbili.

Taa ya kompyuta ikawaka. Mama yake Filomena akasogea, akashika ukingo wa meza.

Skrini ikabaki nyeusi.

Desderi akachomoa waya, akaugeuza, akauchomeka tena. "Mama, huu ni wa chaji tu. Umeme unapita, picha haipiti."

"Kwa hiyo yumo humo ndani."

"Yumo, mama."

Nje, kwaya ilianza wimbo wa kumtoa. Mama akaichukua fremu, akakifuta kioo chake kwa ncha ya khanga, akaenda kusimama mbele ya jeneza, ameielekeza kwa watu. Mezani, ile taa ndogo iliendelea kuwaka.