Viatu vya Mama

Mama alifungua kamba za viatu vyake, akakanyaga mkeka wa mgahawa wa Kijapani kwa miguu mitupu.

Visigino vyake vilikuwa na nyufa ndefu. Saruji ya miaka mingi ya kubeba zege ilibaki humo ndani, ingawa asubuhi nzima nilimwona akivisugua kwa jiwe.

Mama wa mchumba wangu, aliyetualika, aliitazama miguu ile, kisha akamtazama mwanawe.

"Dada, kule mbele kuna meza za kawaida," akamwambia mama. "Huko hawavui viatu. Utajisikia huru zaidi."

"Niko huru, dada yangu," mama akajibu. "Kwani miguu ndiyo inayokula?"

Mhudumu alicheka, akajifanya anakohoa. Mchumba wangu aliikodolea macho menyu kana kwamba ana mtihani kesho.

"Basi kama hamtaki," mama yake akasema, sasa akiniangalia mimi, "viatu vyenu viko tayari."

Kweli vilikuwa tayari. Mhudumu alikuwa ameshavigeuza vyote vielekee mlangoni, kama ilivyo desturi ya Wajapani, ili mgeni akitoka avivae bila taabu.

Niliinuka. Mchumba wangu alinishika mkono, nikauchomoa polepole.

Nikainama pale mlangoni, nikavigeuza viatu vya mama, kisha vyangu, vikatazama ndani. Nikarudi, nikavua soksi, nikauweka mguu wangu kando ya mguu wa mama.

"Tuagize," nikasema. "Mama ana njaa."