Ngozi ya Pacha

Muuguzi alipoanza kubandua shashi mgongoni kwa mtoto, pale wodini Korogwe, Mwantumu alishika chuma cha kitanda akangoja harufu.

Harufu hiyo aliijua. Uji wa moto ulipomuunguza binti yake, walimpandikiza kwanza ngozi ya mama. Ikashika vizuri, kisha ikageuka nyeusi, ikaoza.

"Mwilini mna askari, kama mgambo wenu kule Kwaluguru," daktari alimweleza siku ile. "Mgeni hawampitishi. Hata wewe mama, kwao ni mgeni."

Mgeni, yeye aliyembeba tumboni.

Safari hii ngozi ilitoka pajani kwa pacha wa binti huyo; wanafanana kama shilingi kwa ya pili.

Shashi ikatoka. Hapakuwa na harufu. Daktari akabonyeza kwa kidole. Ngozi ikapauka, kisha damu ikairudia taratibu, kama maji kisimani.

"Askari wametulia," akasema kwa sauti ya chini. "Pacha kwao si mgeni. Ulaya wanahangaika kutafuta dawa ya kuwatuliza. Wewe, mama, uliizaa."

Mwantumu, ambaye hajapata kuwachanganya wanawe hata gizani, akainama kuitazama ngozi ile, asijue tena ni ya yupi.