Sikio la Chuo

Mtu akiomba kuhamia chuo kile kikubwa, sikio la chuo hufungwa ukutani kwao, lisikilize anavyoishi na watu wa nyumbani. Tangu walifunge letu, mjukuu wangu Zawena hunikanda miguu kila jioni na kuniita "Bibi mpendwa". Zamani aliniita mke mwenza na kuyacheka mapengo yangu. Miguu imepata nafuu, nashukuru, ila sijui upole huo ni wangu au ni wa lile sikio.

Leo amekubaliwa. Fundi amekuja, amelibandua, amekwenda zake. Zawena akaniletea chai.

"Mke mwenza," nikamchokoza, "chai gani hii? Babu yako angekupa talaka!"

Akatazama kwanza tundu lililobaki ukutani, ndipo akacheka.