Maganda Matano ya Tunu

Kati ya maganda mia ya risasi aliyouziwa, Tunu alibakisha matano. Aliyapima yote kwa mizani ya sonara, akatupa yaliyopishana uzito, kisha yale matano akayajaza baruti na risasi mpya, nyembamba kama penseli, kwa mkono wake.

"Unachambua mchele, dada?" alicheka Kombo, bingwa wa shabaha wa mji. "Ganda ni ganda!"

"Ganda baya hupoteza risasi, kaka. Ubingwa wako mwisho leo."

Zamu yake ya mashindano ilipofika, Tunu akalala kifudifudi, akafyatua mara tano. Mwamuzi akaleta karatasi ya shabaha. Tundu lilikuwa moja tu, katikati.

"Nne zimepotelea porini!" Kombo akapiga makofi.

 Mwamuzi alitia kidole gumba kwenye tundu lile, kikapita chote, akakiinua pamoja na karatasi juu ya vichwa vya watazamaji.