Mgonjwa wa Arlène

Kiatu cha kulia Mama Spéciose alikubali kuvishwa. Cha kushoto alikisukuma kwa kidole gumba hadi uvunguni mwa kitanda.

Arlène alipiga magoti, akakitoa, akaanza upya. Hakukasirika. Siku hizi hata hasira ilikuwa mbali.

"Niache nilale, mwanangu," Mama Spéciose alisema, uso wake ukutani. "Nenda zako."

"Nikienda, Mama Jeannine ataniuliza."

"Mwambie nimekufa."

"Maiti havuti blanketi hivyo. Lete mguu."

Mguu ukaja.

Ilikuwa siku ya kumi na saba. Kazi hii Arlène alikabidhiwa na Mama Jeannine, kiongozi wa kikundi cha akina mama kanisani. Alimjia chumbani kwake, pale kwenye kitongoji cha La Rochelle, saa saba mchana, akafungua pazia bila kuomba ruhusa, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kuna mama mmoja Mrundi, mtaa wa pili kutoka hapa," alisema. "Moyo wake umezimika. Halii, hacheki, hata kuomba haombi. Nesi wa kliniki ametuambia tuanze na haya: atembee kila asubuhi, apate jua, ale kwa wakati, asalimiane na watu watatu. Yakishindikana, tutampeleka kwa daktari. Sisi wengine tunakimbilia kazini. Wewe una nafasi."

Kisha akashusha sauti. "Usikose hata siku moja, mwanangu. Mwaka jana kuna mwenzetu alikuwa hivyohivyo. Tulimwacha siku mbili tu. Tulipofika tulikuwa tumechelewa."

Arlène alikubali, kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi. Na nafasi alikuwa nayo kweli. Kule saluni ya Marshalltown, katikati ya jiji, kiti chake cha kusukia nywele alikuwa amepewa msusi mwenzake, Gaëlle, tangu Juni, naye hakwenda kukidai.

Wakatoka. Jua la baridi lilikuwa limeshafika kwenye kuta za upande wa pili, jeupe, lisilochoma. Mama Spéciose alitembea polepole. Arlène akipunguza mwendo, naye alipunguza. Arlène akisimama, naye alisimama, akashika kiuno na kuyalaumu magoti yake. Kwenye robot, zile taa za njia panda, hata ya kijani ilipowaka, hakuvuka mpaka ashikwe mkono.

"Salamu," Arlène alimkumbusha. "Watu watatu."

"Salimia wewe. Mimi koo limekauka."

Kwa hiyo akasalimia Arlène, kama jana, kama juzi. Wa kwanza alikuwa Yasini, Mtanzania mwenye duka dogo la spaza pale mtaani, ambaye hakuwa mtu wa kuacha salamu ipite hivihivi.

"Eish, Arlène! Leo umenipa 'habari' nzima. Jana nilipata nusu."

"Chukua, ushukuru."

"Nashukuru. Kesho nitaomba na 'za asubuhi'."

Kitu kilimvuta Arlène pembeni mwa mdomo, kisha kikamwachia.

Bustanini waliketi kwenye benchi lililoelekea jua. Arlène alifungua chupa ya uji aliyoibeba kutoka kwake. Alikuwa akiupika kila alfajiri, kwa kuwa mgonjwa hakuweza kusimama jikoni.

Mama Spéciose aliutazama uji kwa mashaka. "Onja kwanza."

"Si nilionja jana, Mama?"

"Jana ulikuwa uji mwingine. Nyinyi Wakongo siwajui vizuri."

Arlène akanywa kidogo.

"Hiyo kidogo haiui mtu upesi. Ongeza, nione."

Akaongeza. Kikombe kilipofika nusu ndipo Mama Spéciose alipokipokea. Uji haukuwa na ladha yoyote kinywani mwa Arlène, ila ulikuwa wa moto, na joto hilo alilihisi likishuka hadi tumboni.

Waliporudi mlangoni, Mama Spéciose alimshika kiganja akauliza swali lake la kila siku.

"Kesho utakuja?"

"Nitakuja."

"Apa."

"Naapa, Mama."

Kesho yake Arlène aliamka mapema, lakini mwili haukuinuka. Aliitazama dari. Saa mbili ikafika, saa ambayo yeye hubisha hodi kwa Mama Spéciose. Ikapita. Alitaka kujigeuza upande, na hata hilo likawa kazi kubwa. Simu ilikuwa sakafuni, imeishiwa chaji. Siku moja tu, alijiambia. Nani atajua?

Saa tatu kasoro robo akauona akilini ule ukuta, na mwanamke aliyeuelekea, peke yake, akisubiri mtu aliyeapa kuja. *Tulipofika tulikuwa tumechelewa.*

Kitu kikamwinua kitandani. Ilikuwa hofu. Kwa miezi hakuwa ameogopa kitu chochote, na sasa ilimjaa mpaka vidoleni. Alivaa sweta kinyume, akaacha mlango wazi, akakimbia. Yasini alimwita, hakugeuka. Alikimbia huku akiomba kwa sauti, yeye ambaye tangu Juni hakuwa ameomba: Mungu, nimkute. Mungu wangu, nimkute tu.

Kwenye kona, mwanamke mmoja alitokea akikimbia upande wake, kitenge amekipandisha kwa mkono mmoja, mbio zilizofanya watu wampishe njia. Simu ilikuwa sikioni na sauti yake ilijaa mtaa mzima. Ilimchukua Arlène muda kumtambua Mama Spéciose.

"Mama Jeannine, mgonjwa wangu uliyenikabidhi hajafika!" alikuwa akilia. "Simu yake haipatikani! Mpigie mwenye nyumba avunje mlango!"